Majibu kwa Wasomaji: Nimeona Hesabu za Uongo Benki, Niseme Wapi?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na maelezo hayo yametuletea barua nyingi kutoka Arusha, Moshi na vitongoji vyake, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu wanaofanya kazi benki au wenye ndugu wanaofanya kazi huko. Tumechagua tano. Majina yote tumeyaondoa, na pale ambapo maelezo ya mwandishi yangemtambulisha kwa wenzake kazini tumeyapunguza bila kugusa kiini cha swali.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni afisa mikopo katika tawi la benki moja hapa Moshi. Mwezi uliopita nilipewa faili la mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anayeomba kuongezewa mkopo, na ndani yake nikakuta hesabu za mwaka mmoja zilizoandikwa mara mbili. Zile alizotuletea sisi zinaonyesha faida nono. Nakala ya zile alizopeleka TRA, ambayo nadhani karani wake aliichanganya humo kwa bahati mbaya, inaonyesha hasara. Malori mawili yenye namba zilezile za usajili ni mali ya kampuni katika hesabu za kwanza, na katika za pili yameandikiwa gharama za kukodi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nilipompelekea meneja, aliichomoa ile nakala ya TRA na kuniambia kwamba kazi yangu ni kuangalia kama mteja ataweza kulipa. Baadaye mwenzangu akanieleza kwamba kiwanja kilichowekwa dhamana kilithaminiwa kwa bei isiyolingana kabisa na ya majirani zake, na kwamba sehemu ya mkopo wa awali ilirudi kwa meneja. Nilikuwa nimepiga picha kurasa kadhaa kwa simu. Niliapa kutunza siri za wateja nilipoajiriwa. Je, sheria itanilinda? Naweza kumpa mwandishi wa habari, au kuziweka katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili wote waone?
*Afisa Mikopo, Moshi*

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma chochote kwa mtu yeyote. Nianze na jambo ambalo barua yako imelichanganya kidogo, nalo ni tofauti kati ya uliyoyaona na uliyoyasikia. Hesabu mbili za mwaka mmoja umeziona. Malori yale umeyasoma namba zake. Meneja ameichomoa karatasi mbele ya macho yako. Habari za kiwanja na za mgawo umezisikia kwa mwenzako. Hizo nazo zaweza kuwa kweli tupu, lakini ukiziandika kwa uzito uleule wa zile za kwanza, mtu atakayetaka kuiangusha taarifa yako ataanzia hapo palipo dhaifu, na likishavunjika moja watasema yote ni chuki za kazini. Andika kwanza uliyoyashuhudia, kwa tarehe, jina la mteja, namba ya akaunti na kiasi cha mkopo. Kisha, katika aya inayojitegemea, andika kwamba umeambiwa hili na lile, na kwamba wewe mwenyewe hukulishuhudia.

Mtindo wa vitabu viwili, kimoja cha benki na kimoja cha TRA, umekaa muda mrefu katika biashara zetu, na wengi wameuzoea kiasi cha kuuona ni ujanja wa kawaida. Mimi sikubali kuuita hivyo. Kampuni hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida, na iliyojiandikia hasara ya uongo hukwepa sehemu kubwa ya kodi hiyo, kama si yote. Karatasi ulizozishika zinamaanisha kwamba ama Serikali imedanganywa, ama benki imedanganywa. Na ikiwa aliyedanganywa ni benki, basi fedha za wakulima wa kahawa, walimu na wauza maduka walioweka amana katika tawi lenu zinakopeshwa kwa kutegemea faida ambayo haipo. Afisa wa benki anayeiona tofauti hiyo na kuiondoa kwenye faili hawezi kusema hakuhusika, kwa sababu kumsaidia mtu kukwepa kodi ni kosa katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.

Kuhusu kiapo, Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inaitaka benki na watumishi wake watunze siri za wateja, na ndiyo sababu ulitia saini tamko lile ulipoanza kazi. Siri hiyo haikuwekwa ili kufunika jinai. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba zipo hali ambazo sheria nyingine huilazimu benki kusema, na Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu, nayo ya mwaka 2006, inaweka wajibu wa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka juu ya wajibu wa siri. Tena Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtaka kila mtu anayefahamu kwamba kosa la rushwa limetendeka, au linapangwa kutendeka, aitaarifu TAKUKURU. Na rushwa kwa mujibu wa sheria hiyo si ya ofisi za umma peke yake, kwani mtumishi wa kampuni binafsi anayepokea hongo ili aipindishe kazi ya mwajiri wake naye amo. Kwa hiyo usijione kuwa unamsaliti mwajiri. Unatimiza wajibu ambao sheria imekuwekea.

Unapopeleka taarifa ndipo panapoamua kama utalindwa. Sheria ya mwaka 2015 inamlinda mtu anayetoa taarifa kwa nia njema, mwenye sababu za msingi za kuamini anachokisema, na anayeipeleka kwa mamlaka husika. Mtu wa namna hiyo hapaswi kushtakiwa, kudaiwa wala kuadhibiwa kazini kwa sababu ya taarifa ile. Kundi la WhatsApp si mamlaka husika. Gazeti nalo, pamoja na heshima yote tunayowapa waandishi wa habari, si mamlaka husika kwa maana ya sheria hii, na anayeanzia huko hujitoa mwenyewe nje ya ulinzi aliowekewa. Kwa kuwa mkubwa wako ndiye anayetajwa, usirudi kwake. Benki ina mkaguzi wa ndani ambaye huwajibika kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, si kwa meneja wa tawi, mpelekee huyo. Habari ya hesabu mbili ni ya TRA. Habari ya mgawo ni ya TAKUKURU, wenye ofisi hapo hapo Moshi na simu ya bure namba 113. Ukiona benki yenyewe inalifunika jambo, Benki Kuu ina tawi Arusha.

Usidhani kwamba ukishaandika kwa wakubwa wa ndani umemaliza. Howard Wilkinson, Mwingereza aliyefanya kazi katika tawi la Estonia la benki ya Danske, aliwaandikia wakubwa wake wa Denmark mwezi Desemba 2013, na alichokigundua kinafanana sana na chako: kampuni iliyosajiliwa Uingereza ilikuwa imepeleka kwa msajili hesabu zinazoonyesha kwamba haifanyi biashara, ilhali akaunti yake Estonia ilijaa fedha. Aliandika tena, kisha mwaka 2014 akaacha kazi. Ni mwaka 2018 tu ndipo ukubwa wa jambo ulipofahamika, benki ilipotoa ripoti kwamba fedha za wateja wasio wakazi zipatazo euro bilioni 200 zilipita katika tawi lile dogo kati ya 2007 na 2015, na kwamba sehemu kubwa ya miamala hiyo ilikuwa ya kutiliwa shaka. Mwezi Desemba 2022 benki hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa takriban dola bilioni 2. Kilichomwokoa Wilkinson ni kwamba barua zake zilikuwapo, zina tarehe, na zilikuwa za mambo aliyoyahakiki. Nawe baki na nakala ya barua yako mwenyewe, si ya faili la mteja, na uandike siku uliyoikabidhi na aliyeipokea.

Picha za simu usizisambaze wala usiziongeze. Hervé Falciani, mtaalamu wa kompyuta wa benki ya HSBC huko Geneva, aliondoka Uswisi mwaka 2008 akiwa na taarifa za maelfu ya wateja. Ufaransa na Hispania zilizitumia kuwasaka wakwepa kodi, na Hispania ikakataa kumrudisha, lakini mahakama ya Uswisi ilimhukumu mwaka 2015 kifungo cha miaka mitano akiwa hayupo mahakamani. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mteja anayetuhumiwa bado ana haki zake. Hulazimiki kulibeba faili. Mchunguzi mwenye mamlaka anaweza kuliagiza, mradi umemwambia ni faili namba gani, ukurasa upi ulitolewa, na siku gani. Waonyeshe hao picha ulizonazo, nao waamue zitumikeje.

Na kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa: je, mkopo wa awali uliupendekeza wewe? Kama saini yako imo popote katika faili hilo, liseme hilo mwanzoni kabisa mwa taarifa yako, kabla hawajaligundua wao. Sababu yake utaiona katika jibu la kijana wa Njiro hapa chini. Mteja wala meneja wasipate fununu yoyote kutoka kwako kwamba umeandika.

Swali: Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa soko la Kilombero, Arusha. Ninasikia redioni habari za mabenki na ukwepaji kodi. Benki ikiiibia Serikali, hizo si hasara za Serikali? Mimi zinanihusu nini hata nihatarishe mdomo wangu?
*Muuza Nafaka, Arusha*

Jibu: Zinakuhusu, kwa sababu sehemu ya fedha hizo imetoka mfukoni mwako. Tangu Julai 2016 ada unazotozwa benki zina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ndani yake, na kama umeweka amana ya muda maalumu, riba yako hukatwa asilimia 10 kabla hujaigusa. Benki hukukata wewe fedha hizo kwa niaba ya TRA na inapaswa kuzifikisha. Mkubwa wa benki akipunguza takwimu za makusanyo hayo, hajaidhulumu Serikali peke yake. Amechukua shilingi ambayo wewe ulikwisha kuilipa kwa jina la kodi, ukajua imekwenda kwenye dawa na barabara. Namna nyingine iko mbali na macho ya mteja: benki kuandika kwamba imelipa ada za ushauri kwa kampuni mama iliyo nje ya nchi kwa huduma ambayo hakuna aliyeipokea, ili faida ya hapa nchini ionekane ndogo. Hilo huonwa na mhasibu anayeandaa malipo, na yeye ndiye anayejua kama kulikuwa na mkataba, kama kulikuwa na kazi, au kama ilikuwa ankara tupu.

Hata pale ambapo fedha si kodi, hasara hushuka hadi kwetu. Watu wazima wa soko lako wanaikumbuka kashfa ya akaunti ya madeni ya nje, EPA, ndani ya Benki Kuu yenyewe, ambapo ukaguzi ulibaini kwamba katika mwaka wa fedha 2005/2006 kampuni 22 zililipwa isivyo halali zaidi ya shilingi bilioni 133. Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa upinzani, alilisimamia jambo hilo hadharani mwaka 2007, na mwezi Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Fikiria ni karatasi ngapi zilipita mikononi mwa makarani, wahasibu na wakaguzi kabla ya mtu wa kwanza kusema. Nchi ilihitaji kusikia mapema, na waliojua walihitaji mahali salama pa kusemea, kwani wakati ule Sheria ya 2015 haikuwapo.

Nikuongezee kwamba mji wako ndio makao ya Bodi ya Ushauri ya Umoja wa Afrika dhidi ya Rushwa, chombo kinachofuatilia utekelezaji wa Mkataba uliopitishwa Maputo mwezi Julai 2003, na mkataba huo unazitaka nchi wanachama ziwalinde watoa taarifa ili watu waseme bila kuogopa kulipiziwa kisasi.

Swali: Binti yangu ni keshia katika benki moja hapo mjini Arusha, na mimi ninaishi Usa River. Ananiambia kuna mteja anayeleta dola taslimu kwenye mifuko ya kaki mara kwa mara, na msimamizi wake anamwagiza aziingize kwa vipande, siku tofauti na kwa majina tofauti, ili zisionekane kubwa. Hana usingizi. Mimi nimemwambia aache kazi kabla hawajamfunga. Je, nimekosea?
*Mama wa Keshia, Usa River*

Jibu: Mama, shikamoo, na pole kwa hofu hiyo. Nakusihi usimharakishe binti kuacha kazi. Akiondoka kimya, miamala aliyokwisha kuiingiza itabaki kwenye mfumo chini ya namba yake ya kuingilia, si ya msimamizi, na siku itakapochunguzwa jina la kwanza litakalojitokeza ni lake, wakati yeye hayupo wa kueleza aliagizwa na nani. Anachopaswa kuacha leo hii ni kuingiza fedha kwa majina yasiyo ya mwenye fedha. Amwambie msimamizi kwa adabu kwamba hawezi, na aombe agizo hilo kwa maandishi. Maagizo ya namna hiyo mara nyingi hufutika pale yanapotakiwa kuandikwa.

Dola taslimu Arusha si ajabu. Mji una wageni wa hifadhi, wauzaji wa madini, wenye hoteli na waongoza watalii, na kwa miaka mingi wengi wao wamepokea noti halali. Ndiyo maana wenye fedha chafu hupenda kujificha kati ya hao, na ndiyo maana mwezi Novemba 2018 Benki Kuu, ikisaidiwa na askari, iliyavamia na kuyakagua maduka ya kubadilishia fedha hapa mjini. Dola peke yake si dalili. Dalili ni kuagizwa kuzivunja vipandevipande na kubadili majina, kwa kuwa mwenye fedha safi hana sababu ya kuogopa muamala wake kuonekana jinsi ulivyo.

Kila benki inatakiwa kuwa na afisa aliyeteuliwa kupokea taarifa za miamala ya kutiliwa shaka kutoka kwa wafanyakazi, na sheria inaitaka benki iripoti kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu ndani ya saa 24 tangu shaka ilipojengeka. Binti amwandikie afisa huyo moja kwa moja, kwa maneno machache: siku, kiasi, jina lililotumika, aliyetoa agizo. Asimdokeze mteja wala asimtanie kuhusu jambo hilo, kwa maana kumtonya anayeripotiwa ni kosa lenyewe.

Kama bado unaona keshia ni mtu mdogo asiyeweza kubadili kitu, nikueleze lililotokea Dar es Salaam. Serikali yetu ilipotafuta mkopo wa dola milioni 600 katika masoko ya nje, kazi ambayo Standard Bank ya London ilifanya pamoja na Stanbic Tanzania, ada iliongezwa kwa asilimia moja, na dola milioni 6 zikalipwa kwa kampuni moja ya hapa nchini, EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa kiongozi wa TRA wa wakati huo. Mwezi Machi 2013 sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa taslimu ndani ya siku chache. Walioshtuka ni wafanyakazi wa benki ya hapa, walioona noti nyingi kiasi hicho zikitoka. Wao ndio waliopeleka wasiwasi wao juu, na kabla mwezi Aprili haujaisha taarifa ilikuwa kwa taasisi ya Uingereza inayochunguza makosa makubwa ya fedha. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ya kwanza ya aina yake nchini humo, Standard Bank ikalipa dola milioni 25.2 kwa Uingereza, na Tanzania ikarudishiwa takriban dola milioni 7, yaani ile milioni 6 pamoja na riba. Fedha hizo zisingerudi kama watumishi wale wangenyamaza na kwenda nyumbani. Binti yako, Mama, amekaa katika kiti cha namna hiyohiyo.

Swali: Ninasoma uhasibu hapa Njiro. Mwalimu alitutajia Mmarekani aliyelipwa dola milioni 104 kwa kuifichua benki yake. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini Waafrika waliofanya hivyo hatusikii wakilipwa?
*Mwanafunzi, Arusha*

Jibu: Ni kweli, kijana wangu, ila mwalimu amekupa nusu ya habari. Bradley Birkenfeld alikuwa afisa wa UBS huko Geneva aliyewahudumia Wamarekani matajiri waliokuwa wakificha fedha Uswisi. Mwaka 2007 alikwenda kwa wachunguzi wa Marekani na kuwaeleza benki ilivyowatuma watu wake kuvuka bahari kutafuta wateja, na mwaka 2009 UBS ikakubali kulipa dola milioni 780 na baadaye kutoa taarifa za akaunti zaidi ya 4,400. Usiri wa benki za Uswisi, uliodumu kwa miongo mingi, ulianza kupasuka hapo. Lakini Birkenfeld hakuwaeleza waendesha mashtaka habari zote za mteja wake mkubwa kuliko wote, na kwa kosa hilo alihukumiwa miezi 40 gerezani. Alitoka mwaka 2012, na mwezi Septemba mwaka huohuo mamlaka ya kodi ya Marekani ikamlipa zile dola milioni 104, kwa kuwa sheria yao humpa mtoa taarifa sehemu ya kodi iliyookolewa. Kifungo kile nakitaja kwa ajili ya yule ndugu wa Moshi. Ukisema ya wengine na kuficha yako, taarifa yako inaweza kuwa ya kweli na bado ukaenda jela.

Kuhusu Waafrika, jina ambalo kila mwanafunzi wa uhasibu wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua ni la David Munyakei. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye dawati lililoshughulikia malipo ya motisha kwa wauzaji wa bidhaa nje, na akaona kampuni ya Goldenberg ikilipwa mabilioni kwa dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa na kiasi hicho cha kuuza. Alizipeleka nyaraka kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za Serikali. Kesi ilipoisha bila kumtia hatiani, benki ilikataa kumrudisha kazini. Alihamia Mombasa, akahangaika na vibarua, na nchi ilimkumbuka tume ya uchunguzi ilipoundwa mwaka 2003. Alitoa ushahidi wake na akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya uadilifu mwaka 2004, kisha akafariki mwaka 2006 akiwa maskini. Kongo nako, Gradi Koko na Navy Malela, waliofichua miamala ya benki ya Afriland First huko Kinshasa, walihukumiwa kifo mwaka 2020 wakiwa uhamishoni Ulaya, kwa kosa la kutoa ukweli wa vitabu vya benki.

Linaniumiza kuandika hayo, na siwezi kukuambia kwamba mambo ni mepesi. Hapa kwetu Sheria ya 2015 inaruhusu mtoa taarifa kutunukiwa, na TRA ina utaratibu wa kumzawadia anayewezesha kodi kukusanywa, ingawa viwango vyetu havifanani hata kidogo na vya Marekani. Tena zawadi haijengi ulinzi. Munyakei hakuhitaji dola milioni 104. Alihitaji kurudishwa kwenye dawati lake na kuendelea kulipwa mshahara, jambo ambalo lisingeigharimu Kenya hata chembe ya kilichoibwa. Utakapokuwa mhasibu mkuu mahali fulani, na kijana wa dawati la chini akaja na karatasi mkononi, hayo mawili yatakuwa ndani ya uwezo wako.

Swali: Niliwaandikia makao makuu kuhusu mikopo hewa katika tawi letu hapa Arusha. Baada ya wiki mbili nikapewa barua ya kuachishwa kazi kwa "utovu wa nidhamu". Leo ni siku ya ishirini. Nimekata rufaa kwa njia ya barua pepe na ninasubiri majibu.
*Aliyeachishwa, Arusha*

Jibu: Usisubiri tena. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, nawe zimekubakia kumi. Barua pepe yako kwa makao makuu usiitegemee kukusimamishia hesabu ya siku hizo. Nenda ofisi ya CMA hapo Arusha, chukua fomu namba 1, ijaze, mpe mwajiri nakala na upate saini au muhuri wa kupokea, kisha irudishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Jambo litaanzia kwenye usuluhishi, na lisipomalizika hapo litakwenda kwenye uamuzi. Mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali ya kukuachisha na kwamba alifuata utaratibu.

Beba barua uliyowaandikia makao makuu, ushahidi wa siku walipoipokea, na barua ya kuachishwa, ili tarehe hizo zikae pamoja mbele ya msuluhishi. Wiki mbili kati ya taarifa na adhabu ni jambo ambalo mwajiri atalazimika kulieleza. Kama mikopo hewa bado haijafika TAKUKURU, itaarifu sasa kwa barua tofauti, na utaje ndani yake kwamba umeachishwa baada ya kutoa taarifa, kwa kuwa kumwadhibu mtoa taarifa kumekatazwa na Sheria ya 2015. Ukipitisha siku ya thelathini utalazimika kuomba ruhusa ya kuchelewa kwa fomu namba 2 na kueleza sababu ya kila siku iliyopotea, na kusubiri majibu ya barua pepe si sababu ninayotaka uitetee.